Kiswahili hakikuharibu kompyuta ya maktaba, niliiharibu mimi

KUNA maneno niliyoyasikia mwaka jana nikiwa kwenye mafunzo ya kazini katika maktaba ya chuo kimoja hapa Pwani, na mpaka leo yananikera: “Zimeni hicho Kiswahili, ndicho kinachoharibu sistimu.”

Kikazimwa. Mtu aliingia kwenye mipangilio, akaondoa alama kwenye kisanduku kimoja, basi. Kesho yake wanafunzi wakakuta ukurasa wa kutafutia vitabu ni Kiingereza kitupu. Hakuna aliyeandamana. Hata wewe unayesoma hapa pengine unajiuliza, kwani shida iko wapi, si chuoni watu husoma kwa Kiingereza?

Shida ni kwamba Kiswahili hakikuwa na kosa. Aliyeharibu ni mimi. Na hakuna aliyefungua faili kuangalia, mimi mwenyewe nikiwemo, mpaka mambo yakawa yameshaamuliwa.

Wacha nianze mwanzo. Mimi ni wa Kinakomba, wadi ya eneobunge la Galole, kaunti ya Tana River. Kama hujawahi kufika, fuata Mto Tana ukitoka Garissa kuelekea Garsen, utatupata njiani. Nyumbani tunaongea Kipokomo, majirani zetu Waorma wana lugha yao, na tukikutana sokoni au hospitalini tunaongea Kiswahili. Kwa hivyo kwetu sisi Kiswahili si lugha ya mapambo wala ya kupitia mtihani tu. Ndiyo lugha ya kuelewana na mtu asiye wa nyumba yenu.

Kwenye ile maktaba vitabu vinasimamiwa na programu inayoitwa Koha. Pengine umeshaitumia bila kulijua jina lake, maana iko kwenye maktaba za vyuo vikuu kadhaa nchini. Ilianza kutengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za eneo la Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ni programu huria. Huilipii leseni, na msimbo wake uko wazi, ukitaka kuusoma mstari kwa mstari hakuna wa kukuzuia. Imeandikwa kwa Perl.

Najua, umesikia Perl ukacheka. Ukiwatajia vijana wenzangu Perl wanakuangalia kama umetoa kanda ya kaseti mfukoni. Ni kweli lugha hiyo ni ya zamani, Larry Wall aliitoa mwaka 1987, na wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Lakini huyo Wall hakuanza kama mtu wa kompyuta tu. Alisomea isimu, na yeye na mkewe walikuwa na nia ya kwenda mahali, pengine Afrika, wakaishi na watu ambao lugha yao haijaandikwa ili waitungie maandishi. Afya ikamzuia. Mimi hilo linanifurahisha kuliko mambo mengi ninayoyajua kuhusu kompyuta. Lugha inayoendesha ile maktaba ilibuniwa na mtu aliyejali lugha za watu.

Sasa templeti. Umewahi kupokea kadi ya harambee? Kadi zote zimechapishwa sawasawa, isipokuwa pale juu pana vidoti: Bw, Bi, Dkt, halafu nafasi. Katibu wa kamati anajaza jina lako kwa kalamu. Templeti ndiyo hiyo kadi. Ukurasa umeshaandikwa, zimebaki nafasi za kujazwa, na anayejaza ni kompyuta, kwa kuchukua jina lako, kitabu ulichoazima na tarehe ya kukirudisha kutoka kwenye hifadhidata. Ndani ya Koha kazi hiyo inafanywa na kitu kinachoitwa Template Toolkit, kilichotengenezwa na Andy Wardley. Nafasi zake utazijua kwa mabano ya mraba yenye alama ya asilimia. Mahali pa tarehe ya kurudisha kitabu, kwa mfano, unaweza kukuta:

[% ISSUE.date_due | $KohaDates %]

Maana yake: chukua tarehe ya kitabu hiki, ipange vile maktaba hii inavyoandika tarehe, iweke hapa.

Anayetafsiri Koha kwa Kiswahili haandiki ndani ya templeti hiyo. Anapewa faili yenye sentensi ya Kiingereza juu na nafasi ya Kiswahili chini, na ile amri yenye mabano anaiona imefupishwa kuwa %s. Akimaliza, kompyuta inachukua tafsiri zake na kuzalisha templeti mpya za Kiswahili, zinazowekwa kwenye folda ya sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya. Juu ya sentensi kuna mstari mdogo unaokueleza kila %s inasimama badala ya nini. Mstari huo mimi sikuusoma.

Nilichofanya ni hiki. Niliona sentensi moja ya Kiswahili imekaa vibaya, kama iliyoandikwa na mtu anayeogopa lugha. Mimi na Kiswahili changu cha mtoni nikasema hapana, wacha niinyooshe. Nikaandika vizuri kabisa: “Kirudishwe kabla ya”. Ile %s ya mwisho nikaiona kama uchafu uliobaki, nikaifuta. Nikatoa amri ya kuzalisha templeti upya, ukurasa ukafunguka vizuri tu, nikaenda zangu kula.

Wiki tatu hivi baadaye msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, wa kwetu huko huko Tana River, alikuja kwenye dawati akiwa na vitabu vinne na faini ya shilingi 240. Alikuwa anatumia ukurasa wa Kiswahili. Akatuonyesha simu yake: “Kirudishwe kabla ya”, halafu hakuna kitu. Nafasi tupu. Yeye alidhani maana yake ni kwamba hajawekewa tarehe. Aliyekuwa kwenye dawati akaangalia kompyuta yake, iliyokuwa kwa Kiingereza, akaona tarehe iko pale imekaa. Akamwambia, “Wewe si ungetumia Kiingereza kama wenzako.” Ndipo ile amri ya kuzima ikatoka juu.

Faini alilipa. Hakubishana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya rafu nikisikia, na wakati huo bado nilikuwa nakubaliana nao kwamba tafsiri ya Kiswahili ina matatizo. Hapo ndipo naona aibu zaidi kuliko kwenye kufuta %s. Kufuta ni kutojua. Lakini nilikubali lugha yangu ilaumiwe bila hata kuuliza ushahidi uko wapi.

Hebu tuseme ukweli kuhusu hitilafu za kompyuta. Ziko zinazopiga kelele na ziko zinazonyamaza. Zinazopiga kelele tunaziogopa bure. Ukurasa unaanguka, maandishi yanajaa kila mahali, unapata jasho, lakini katikati ya ile fujo mara nyingi kuna jina la faili na namba ya mstari. Hiyo ni zawadi. Chukua mfano wa Mojolicious, fremuweki nyingine ya Perl iliyoanzishwa na Sebastian Riedel, ambayo Koha yenyewe inaitumia kwa baadhi ya kazi zake. Ukikosea jina la kigeu kwenye templeti yake ya kawaida, ukaandika $tareh badala ya $tarehe, ukurasa hautoki kabisa. Ukiwa katika hali ya utengenezaji unaonyeshwa mstari wenyewe, na mistari ya juu na ya chini yake, unaambiwa jina hili halijatangazwa popote. Huna pa kujificha.

Template Toolkit kwa kawaida yake ni mpole kupita kiasi. Ukiiomba kitu kisichokuwepo haikwambii hakipo. Inaacha nafasi tupu na kuendelea, kama katibu wa harambee aliyesahau kujaza jina akaituma kadi hivyo hivyo. Kuna namna ya kuikomesha: mpangilio unaoitwa STRICT, ukiuwasha inakataa kigeu kisichojulikana, na kuna DEBUG unaoweza kuambiwa upige kelele kigeu kikikosa thamani. Mimi nadhani kila anayejifunza angefaa aanze navyo vimewashwa. Ila kwa kosa langu visingesaidia, maana mimi sikukosea jina la kigeu. Niliondoa amri yote. Kompyuta haiwezi kulalamika kuhusu kitu ambacho haikuombwa.

Kwa hivyo nilikipataje? Kwa kufuata mfereji.

Mkulima wa mradi wa unyunyiziaji wa Hola shamba lake likikauka haanzi kwa kuyatukana mahindi. Anapanda na mfereji. Hapa hakuna maji, pale juu yapo? Kama yapo, basi palipoziba ni kati ya hapa na pale. Jioni moja, baada ya Kiswahili kuzimwa, nilichukua nakala ya Koha kwenye kompyuta ya majaribio nikafanya hivyo hivyo. Nikaangalia faili ya logi ya seva, haikuwa na kitu. Nikafungua ukurasa wa mwanafunzi wa majaribio kwa Kiingereza: tarehe ipo. Kumbe hifadhidata ni nzima na Perl inayoichota tarehe ni nzima, maji yanafika mpaka kwenye templeti. Nikafungua ukurasa ule ule kwa Kiswahili: hakuna. Basi tofauti ni templeti mbili tu. Nikazilinganisha kwa amri ya diff, faili ya en na faili ya sw-KE. Kila mstari ulitofautiana kwa maneno, jambo la kawaida, lakini mmoja ulitofautiana kwa mabano. Upande mmoja kulikuwa na [% ISSUE.date_due | $KohaDates %], upande wa pili kulikuwa na Kiswahili changu kizuri kikining'inia hewani.

Kazi yote hiyo haikufika saa moja. Saa moja, na lugha ilikuwa imeshahukumiwa.

Kuna aina nyingine ya nafasi tupu ambayo nimekutana nayo baadaye, na hii kwetu tunaielewa kuliko mtu yeyote. Mwaka 1989 Mto Tana ulibadilisha mkondo. Pale Hola mashine za kuvutia maji zikabaki zimeelekea mahali ambapo mto haupo tena, na mradi ukaanguka kwa miaka mingi. Mashine haikuwa na kosa, mfereji haukuwa na kosa, mkulima ndiye hasa hakuwa na kosa. Mto ulihama. Programu nazo hufanya hivyo. Koha inapopandishwa toleo, kigeu kilichokuwa kikiitwa hivi kinaweza kupewa jina jingine, na templeti uliyoirekebisha kienyeji inaendelea kuchota kwenye jina la zamani. Haupati kelele yoyote, unapata ukavu. Hapo STRICT inakufaa. Au unaweka kwa muda mistari miwili ya kumwaga kila kilichomo:

[% USE Dumper %]
[% Dumper.dump(ISSUE) %]

Unafungua ukurasa unaona vigeu vyote vilivyofika, na majina yake ya sasa. Lakini tafadhali, kwenye mashine ya majaribio. Mistari hiyo ukiisahau kwenye maktaba inayofanya kazi, utakuwa umemwaga taarifa za wasomaji mbele ya watu, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Usije ukasema mwandishi wa gazetini ndiye aliniambia.

Nikirudi kwa Kiswahili: sidai kwamba tafsiri zetu hazina matatizo. Zinayo, ila si yale wanayoyadhani. Matatizo yako kwenye namna templeti zenyewe zilivyoandikwa kwa kufuata Kiingereza. Chukua sentensi ya nafasi mbili, ya kwanza idadi, ya pili aina ya kitu, halafu neno moja la kusema vimepatikana. Kwa Kiingereza inapita popote, neno la mwisho halibadiliki. Kwetu ni kitabu 1 kimepatikana, vitabu 5 vimepatikana, majarida 5 yamepatikana, ramani 5 zimepatikana. Ngeli inadai haki yake. Na idadi kwetu inakuja baada ya jina, kwa hivyo hata mpangilio wa zile %s lazima ugeuzwe, ya pili itangulie. Hilo linawezekana. Unaandika %2$s halafu %1$s, na kompyuta inaelewa. Ni watafsiri wangapi wanajua? Mimi sikujua. Ndiyo maana unakutana na kurasa zinazosema “5 vitabu” kama mtalii wa Watamu, halafu tunasema Kiswahili hakifai kwa kompyuta.

Ngeli ni ngumu zaidi, na hapo hakuna ujanja wa kwenye faili ya tafsiri utakaotosha. Lazima uingie kwenye templeti, uweke masharti ya umoja na wingi, au uiandike sentensi upya ikwepe upatanisho: “Idadi iliyopatikana: 5”. Hiyo ya pili ni ya kivivu lakini mimi naipenda, haimkosei mtu. La muhimu ni kwamba uamuzi huo hawezi kuufanya mtu wa Wellington asiyejua kwamba ramani huenda na zi-. Na hawezi kuufanya mwalimu wa Kiswahili asiyewahi kuona [% IF %] maishani. Anahitajika mtu wa katikati, anayejua vyote viwili japo kidogo. Hebu jiangalie wewe. Umesoma ngeli mpaka kidato cha nne, na umejifunza programu kwa simu usiku bando zikiwa nafuu. Mtu wa katikati ndiye wewe, uwe Garsen, Hola au Kwale.

Utaniambia hakuna kazi ya Perl siku hizi, bora Python. Sitabishana, na mimi Python ninayo. Ila matangazo ya kazi ni kitu kimoja, na mashine zinazofanya kazi sasa hivi kwenye ofisi za kaunti, hospitali na vyuo ni kitu kingine. Huko ndani kuna vitu vya miaka 10 na 20 ambavyo hakuna kijana anayetaka kuvigusa, na vikikwama gari linaagizwa kutoka Nairobi. Mkutano wa dunia wa Koha ulifanyika Ibadan, Nigeria, mwaka 2015. Afrika si mgeni kwenye meza hiyo. Sisi wa upande huu ndio tunapenda kukaa kwenye veranda.

Na nyinyi mnaotupokea kwenye mafunzo ya kazini, nawaomba jambo moja. Mkimpa kijana ruhusa ya kubadilisha faili, mpeni pia ruhusa ya kuona logi na mashine ya kufanyia majaribio. Mimi nilipewa ya kwanza peke yake, na nilipoharibu hakuna aliyejua, hata mimi. Tena kabla hamjazima kitu kinachotumiwa na watu, muulizeni aliyekigusa mwisho. Ningekasirika kuulizwa, pengine ningekana. Lakini ningekwenda kuangalia.

Marekebisho yangu ni mstari mmoja. Sentensi inasomeka “Kirudishwe kabla ya %s”, na nafasi imerudi mahali pake. Niliupeleka pale maktabani pamoja na maelezo ya nilichokosea, nikiwa nimeshamaliza mafunzo na sina cha kuogopa. Nilishukuriwa vizuri. Juzi nikiwa hapa nyumbani Kinakomba, mtandao ulipotulia, nilifungua ukurasa wao kwa simu. Pale chini panapochaguliwa lugha bado hapana Kiswahili. Yule msichana nilimtumia shilingi 240 zake kwa M-Pesa, akanipigia kuuliza ni za nini, na ikabidi nimweleze yote haya, kuanzia kwenye kadi ya harambee. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama hiyo faili ya tafsiri hata yeye anaweza kuiona. Jumamosi anakuja na laptopu ya kakake.